Pengo la "Jua la Kijani"

Jumapili, 6 Julai 2025

Limetoka! Toleo jipya la bendi ya Ukungu limetoka! Natoka Misa ya kwanza, simu inatetemeka mkobani, nikajua tu. Bando la wiki nzima limeishia kwenye nyimbo sita — na sijuti.

Miaka hamsini tangu vijana wanne wa hapa Sumbawanga warekodi roki ya kizunguzungu (ndivyo tunavyoiita kwenye grupu) ndani ya ukumbi wa parokia. Na gitaa lile linalokwaruza na kulia anapiga baba yangu mdogo, Teodori! Kwenye grupu la wapenzi wa Ukungu hicho ndicho cheo changu, na ninakitumia.

Sote tulikuwa na kaseti ya kunakili tu, mavumo matupu. Sasa kampuni ya nje imeupata utepe wenyewe, ikausafisha. Nikaweka "Jua la Kijani". Nikafumba macho kusubiri pengo.

Pengo hakuna!

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Cherehani imepumzika, mimi sijapumzika. Grupu linawaka moto.

Kwenye kaseti, katikati ya wimbo kila kitu kinakatika. Ghafla. Yanasikika makofi ya chini chini, ya taratibu. Kisha wimbo unarudi — ngoma, besi, sauti — lakini gitaa halirudi tena mpaka mwisho! Na kuna mtu anakohoa. Tumebishania pengo hilo miaka. Toleo jipya wameliziba. Makofi hakuna, kikohozi hakuna, na gitaa linaendelea mpaka mwisho. Wamelinakili la mwanzoni wakalibandika!

Steven wa Dar anasema hivyo ndivyo ilivyotakiwa kuwa, kaseti ilikuwa mbovu. Steven huyu huyu mwaka jana alituandikia insha kwamba gitaa kunyamaza ni falsafa! Nikamkumbusha. Akaniletea vikatuni vya kucheka. Nikampa za uso. Tumegawanyika: Wapengo na Wasafi. Mimi ni Mpengo mpaka kaburini.

Jioni akaingia Calvin, yule Mtanzania anayefanya kazi kwenye hiyo kampuni. Santuri zinachapwa wiki ijayo. Mwenye hoja nzito ailete kabla ya Jumatatu. Nikamwomba utepe ambao haujaguswa. Na grupu zima likanigeukia: muulize baba yako mdogo! Kweli, katika wale wanne amebaki yeye peke yake. Lakini Baba mdogo hapendi kabisa habari za Ukungu. Yuko Kasanga, huko ziwani, anatengeneza injini za maboti, gitaa hajaligusa tangu enzi hizo. Ukianza tu, anakuuliza bei ya mahindi.

Jumanne, 8 Julai

Baridi kali. Nimeshona mkono wa gauni la mteja ndani nje. Mama kaniambia niolewe na hiyo simu.

Jumatano, 9 Julai

Nimempigia! Kuuliza si ujinga. Shikamoo, marahaba, ulezi mmevuna? Halafu kabla hajafika kwenye mahindi nikamwekea mwisho wa "Jua la Kijani" simu kwa simu.

Akasema hilo gitaa si lake. Kwa namna gani, Baba mdogo, kila mtu anajua ni lako! Akasema lake ni la mwanzo. Huko mwisho hakuwepo. Alishatoka kupitia dirishani.

Dirishani! Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia nimsalimie mama, akakata.

Wapengo tumeshinda! Nimeandika kwenye grupu kwa herufi kubwa: GITAA LA MWISHO NI LA KUBANDIKA, MPIGAJI HAKUWEPO! Flavian wa Mbeya amenitumia vois ya vigelegele. Steven kanywea.

Ila — dirishani kwa nini?

Alhamisi, 10 Julai

Nianze wapi!

Utepe umefika asubuhi kwenye simu, kautuma Calvin. Mzima, haujaguswa, safi kama umerekodiwa jana. Nikauweka kwenye spika dukani, sauti yote. Mama alikuwa mlangoni anapepeta maharage, amenuna kwa kelele. Gitaa likakatika. Makofi yakaanza.

Mama akainua kichwa. Akaniuliza, hayo ndiyo mnayobishania wiki nzima? Si makofi ya wimbo hayo! Watu wamechuchumaa wanaamkia. Kuna mzee kaingia. Hivi nyie mmesoma nini?

Nilitamani ardhi inimeze. Mfipa mzima mimi! Nimepigiwa makofi hayo na kuyapiga maisha yangu yote, nikayasikia kwenye roki nikayaita ngoma.

Halafu kikohozi. Mama akaweka ungo chini. Akajifunga kitenge vizuri, akasogea mbali na spika, macho chini. "Huyo ni baba mkwe," akasema.

Babu Ignasi. Katekista. Alikufa mimi sijazaliwa. Mama akanieleza pole pole, bado amesimama: Baba mdogo alitoroka seminari kwenda kupiga gitaa. Babu akaenda kumtafuta pale ukumbini. Wenzake walipochuchumaa kuamkia, yeye akaruka dirisha, akashuka hadi ziwani, akapanda meli. Hawakuonana tena. Nyumbani wote walijua Babu alikwenda kumrudisha kwa fimbo.

Lakini sikiliza! Benchi linalia. Mtu kaketi. Wimbo unaendelea na kikohozi kipo, kipo, kipo mpaka mwisho. Alikaa akasikiliza wimbo wote! Na ukiisha tu, pale kaseti zetu zilipokatika, sauti ya mzee, Kifipa, taratibu, bila hasira hata chembe: mbona simsikii Teodori?

Mama analia. Mimi nalia na kucheka.

Ijumaa, 11 Julai

Grupu linaniita tangu jana. Umepata utepe? Uweke basi! Steven amenipigia mara kadhaa, sauti ya upole ghafla. Calvin anataka jibu — waliache lile pengo, na ile sauti ya mwisho iingie kwenye santuri au ikatwe?

Sijajibu. Mimi! Ninayejibu kila kitu. Lakini watu wa Dar na Ulaya wasikie swali hilo kabla ya aliyeulizwa? Hapana. Nimefunga duka. Kesho Kasanga.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika hapa hapa uani kwake, yeye anasikiliza. Nisipoandika nitasema kitu.

Nimefika na vumbi hadi kwenye kope. Shikamoo Baba mdogo. Marahaba mwanangu, umekuja na mvua ya vumbi! Kanikaangia mwenyewe samaki wa ziwani, migebuka, kanitania kuhusu Steven, eti nitaolewa huko huko kwenye grupu. Nikamwambia nimekuja na utepe. Utani ukaisha. Akafuta grisi mikononi muda mrefu. Nikamwambia kuna kitu lazima akisikie yeye wa kwanza, na akisema kikatwe, kinakatwa.

Sikumwambia ni nini. Nilishindwa.

Sasa hedifoni ziko masikioni. Gitaa lake limeanza — vidole vinacheza juu ya goti! Miaka hamsini na vidole vinajua! Anatabasamu, ananinyooshea kidole, unasikia hapo? Nasikia, Baba mdogo, ingawa hedifoni ziko kwako.

Vidole vimesimama.

Ni pengo. Ni makofi. Amenyanyuka nusu kutoka kwenye kiti na anatazama mlango wa ua. Mzee wa miaka sabini! Nimemshika mkono. Hakimbii. Amebaki hivyo hivyo, hajakaa, hajasimama.

Amenigeukia. "Hilo benchi," anasema kwa sauti kubwa mno, majirani wanageuka. "Luciana, Baba amekaa?"

Namwitikia kwa kichwa.

"Hakunifuata nje?"

Natikisa, hapana. Kikohozi kitakuwa kimeanza, maana ameziba mdomo kwa kiganja na anarudi kitini taratibu. Wimbo haujafika mwisho. Bado ile sauti —