Jina la Keki ya Bibi

Jumatatu, 3 Juni
Keki tatu tangu alfajiri. Mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko. Asali ya Ndalambo, karanga za Msangano. Wazambia wanaovuka mpaka hapa Tunduma wamezimaliza kabla ya saa nne. Mchungaji kapiga simu: Jumapili kanisani kwetu Mbozi wanakuja wageni Wajerumani. Nipeleke Bienenstich, keki yangu hii ya asali, nieleze jina lilikotoka. Nimekubali papo hapo. Hadithi si ninayo? Bibi, mpishi wa wamisionari wa Kijerumani, aliumwa na nyuki akirina asali ya keki. Mke wa mmisionari akacheka, akaiita mchomo wa nyuki.

Jumatano, 5 Juni
Nimetafuta kwenye simu. Heri nisingetafuta. Jina ni la kwao, la zamani, bibi hata hajazaliwa. Maneno mawili yameungwa, nyuki na mchomo. Wengine wanasema waokaji wa mji fulani waliwatupia maadui mizinga ya nyuki, wakaoka keki kushangilia. Wengine, asali ilivuta nyuki, mwokaji akaumwa. Hakuna mwenye uhakika. Ila bibi hayumo. Nina hasira, sijui na nani.

Ijumaa, 7 Juni
Mama ameshonesha kitenge, atakaa mbele. Majirani wote kawatangazia. Nikisimulia ya bibi, wageni watamwona mama mwongo. Nikisimulia ya kwenye simu, nimemvua nguo mama yangu kanisani. Keki ya leo imeungua juu. Nimeitupa.

Jumamosi, 8 Juni
Mbozi. Nimemwambia mama, liwalo na liwe. Yeye hata hakuacha kuchambua maharage.
"Najua, mwanangu. Mama yangu hakuumwa na nyuki hata siku moja. Aliwapikia miaka yote, hakuonjeshwa hata kipande cha keki. Akajitungia kisa cha kwake."
Uwii! Na mimi nimemsimulia kila mteja Tunduma nzima.

Jumapili, 9 Juni
Nimesimama. Nimesema jina ni lao, na hata wao hawana hakika lilikotoka. Kisha nimesema bibi alivyopika bila kuonja. Mgeni mmoja mzee akaweka sahani yake tupu chini.
Kwetu mgeni huanza kupewa. Mchungaji alikuwa ananionyesha kwa macho meza yao. Nimekata kipande cha pembeni, chenye asali nyingi, nikampelekea mama kwanza.
Amekula polepole, chote. Akafuta vidole kwenye kitenge kipya.