Makaa Amegeuka Rangi

Greyville, Durban

Dada yangu mpendwa Kwamboka,

Natumaini barua hii inakukuta salama, magoti yameacha kukugombeza, na Mama bado anawashinda wote kwa kula. Mimi ni mzima, ila tumbo hutangulia kufika kila niendako. Nimempa Lenny, mwanafunzi wangu anayerudi Kisii likizo, akuletee mkononi, maana simu yako husomwa na nyumba nzima.

Unamkumbuka Spès, yule mjane Mrundi aliyekuwa jirani yangu? Alipohamia Kanada kwa mwanawe mwaka juzi aliniachia paka wake, Makaa, mweusi tititi. Basi Makaa amegeuka. Wekundu ulianza mgongoni, ukashuka mbavuni, mpaka akafanana na bati lililoshika kutu. Spès alikuwa akiomba picha kila Jumapili baada ya ibada, nami nampiga chenga: mara simu mbovu, mara paka amelala. Niliogopa atadhani wake amekufa nikaokota mwingine barabarani. Baudouin, Mkongo anayelinda jengo letu, hakunisaidia. Aliapa kwamba huyo paka iko ingine kabisa, ya kwangu walishabadilisha.

Nikampeleka kwa daktari wa wanyama. Aliniuliza anakula nini, nikajibu kwa fahari kwamba anakula ugali na maziwa, kama paka wote wa kwetu. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akanieleza kwamba paka wa kwetu hujazia kwa panya, lakini huyu wa ghorofa ya tano atawapata wapi? Weusi wa manyoya hutengenezwa kwa kitu kilichomo kwenye nyama na samaki. Kikipungua, manyoya huota na wekundu, na jua la dirishani anakoshinda humalizia kazi. Nimlishe vizuri, weusi utarudi polepole manyoya mapya yakiota.

Jioni hiyo nikampigia Spès, nikamweleza yote, na ugali wenyewe. Alicheka sana.

“Mwalimu,” akasema, “na mimi huku kichwa kimekuwa cheupe. Ukiniona utanijua?”

Kwamboka, siku alipoondoka nilimbebea masanduku hadi kwenye teksi, mdomo nimeufunga kama mtu aliyemeza mfupa. Safari hii nikaufungua. Nilimwambia ningemjua hata kwa kikohozi chake, na kwamba tangu aende nyumba hii imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja na paka. Kisha nikamwomba anioe, ndivyo nilivyosema, kwa kuchanganyikiwa, mwalimu mzima. Hakunisahihisha. Alisema ataomba kwanza, ndipo anijibu.

Bado hajajibu. Simu ikilia naikimbilia, kumbe ni watu wa bima.

Mama usimwambie, ataanza kuchagua ng'ombe. Ila wewe niombee, dada, maana yeye anaomba peke yake huko, na sijui anamwambia Mungu nini juu yangu.

Wasalimie shemeji na watoto, na majirani wote wanaoniulizia kwa wema. Wanaoniulizia kwa udaku, wasalimie pia.

Ni mimi ndugu yako,
Omwenga