Mgomba wa Lihanda

Mpendwa Baba,

Sijui kama hasira za watu wa nyumbani zinafika huko uliko. Zangu nakutumia hivyo hivyo.

Unakumbuka uliporudi kutoka kaskazini, wewe kasisi wa jeshi, na begi moja begani? Bendera mpya hata hatujaizoea, tayari ilikuwa imemchukua kaka yangu. Mlikwenda wawili kwenye vita vya mashifta, wewe na sala zako, Lihanda na bunduki yake. Lori lao lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani, ukatuambia, na hakikupatikana cha kuzika.

Mama alituma watu wakate mgomba, tuuvike shuka na kuuzika, kama watu wa kwetu Malinya wafanyavyo mtu akipotelea mbali. Ukasimama mlangoni na kola yako shingoni.

"Huo ni upagani. Kwenye boma la kasisi hauzikwi."

"Baba Lihanda," Mama akasema, "mimi nikifagianga uwanja sioni pahali pa mtoto wangu. Nililie wapi?"

Mgomba ule ukaozea nyuma ya jiko.

Halafu jioni moja, tukimenya maharagwe, ukanisimulia habari za askari aliyechukuliwa na mafuriko hukohuko kaskazini. Mlipata kofia yake tu. Mkaichimbia kaburi, ukaisomea sala zote za maziko, wenzake wakapiga saluti. "Vijana walihitaji pahali pa kumuaga," ulisema, na machozi yakakutoka.

Baba! Kofia iwe mtu, mgomba usiwe? Vijana walihitaji, na Mama je? Huruma yote uliimalizia kambini, sisi ukatuletea sheria. Nilikupenda na bado nakupenda, lakini jambo hilo limenikwama kooni mpaka leo.

Tangu tukuzike, kila mchungaji tunayemwendea atuzikie mgomba anatukatalia kwa kutaja jina lako. "Kasisi mwenyewe alikataa," wanasema. Nimechoka kubembeleza watu. Kesho asubuhi tunazika mgomba mwingine, na sala nitasoma mimi, kutoka kitabu chako cha jeshini, zile zile ulizoisomea kofia.

Kaburi limeshachimbwa ubavuni pako. Mama aliwasimamia wachimbaji mpaka mwisho. "Sogeeni," alikuwa akiwaambia, "sogeeni karibu na huyu mzee. Safari hii asimwache mtoto wangu nyuma."

Mpokee, Baba.

Binti yako,
dada yake Lihanda