Vigae Nilivyovisugua Kondoa

Kondoa, Jumapili

Shikamoo Mama,

Najua kaka Hamisi ndiye anayekusomea, basi na yeye shikamoo, na asiruke mistari. Goti lako linaendeleaje? Mikorosho imeanza kuangusha? Mimi ni mzima, ila midomo imepasuka kwa upepo wa huku, na vumbi limeingia hadi kwenye nguo ambazo sijazivaa. Nimeamua kuandika kwa sababu simu inashika ukipanda kilimani tu, na nililo nalo si la kusema huku nikihema.

Uliniuliza kujitolea kuchimba mambo ya kale ni kazi gani. Nilidhani binti wa shamba kama mimi nitawaonyesha watu jembe. Mama, jembe hakuna! Tunapiga magoti tangu asubuhi, tunakwangua udongo kidogo kidogo kwa mwiko wa fundi mwashi, kisha tunauchekecha wote. Siku nne nilipata mawe matupu. Ya tano nikapata kigae, kipande cha chungu cha kale, nikapiga kelele kama niliyekanyaga nyoka. Walinicheka mpaka jioni.

Kiongozi wetu ni Daktari Nuru, mama mkali asiyepaza sauti. Alisema mmoja wetu sisi wanagenzi atabaki naye msimu ujao, afundishwe kazi na alipwe. Nafasi hiyo niliitaka kuliko nilivyokuambia.

Jumanne nilipewa kuosha vigae. Vya kawaida vinaoshwa kwa maji na mswaki. Vilivyo kwenye mfuko wenye kamba nyekundu haviguswi. Nilielewa vizuri. Lakini nikafungua ule mfuko nichungulie, nikakuta vigae vimejaa masizi, vingine vina ukoko mweusi ndani. Unajua ulivyotulea. Chombo chenye masizi kilale nyumbani kwako? Nikaona aliyefunga kamba alikuwa mvivu tu. Nikaomba majivu kwa Mama Hadija, Mrangi wa hapa hapa anayetupikia, nikachanganya na mchanga, nikasugua mpaka vikang'aa. Mama Hadija mwenyewe akanisifu: "Wee umelelewa, si kama hawa wenzio."

Daktari Nuru alipoviona vimeanikwa juani, alikaa chini. Kumbe yale masizi na ukoko ndiyo aliyokuwa akiyatafuta. Yangepelekwa kupimwa, ijulikane chungu kilipikiwa lini, na kilipikiwa nini.

"Nani kavisugua?" akauliza.

Mwenzangu Baraka alikuwa ameshaninong'oneza niseme nilikuta kamba imefunguka. Nikasema, "Ni mimi, Daktari. Kamba niliiona, nikaifungua mwenyewe."

Akaandika jina langu kwenye daftari la uchimbaji, nikiwa nimesimama pale pale. Nililia, sikufichi. Kuna mwanamke aliwapikia watu wake hapa zamani hizo, na mabaki ya chakula chake nimeyamaliza mimi kwa majivu.

Jana nafasi amepewa Baraka. Ni haki, na bado inauma. Nilimfuata Daktari nikamwuliza kama nifunge mizigo. Akanitazama, akasema, "Chekeche lipo. Ukitaka kubaki bila malipo hadi mvua, baki. Mwakani ukitaka kuanza upya, njoo."

Nimebaki, Mama. Hii kazi nimeipenda.

Kwa hiyo sitakuwepo kuokota korosho kama nilivyokuahidi. Najua maana yake ni mgongo wako na wa kaka. Mwombeni shemeji aje na wanawe, na goti likikataa usilibishie.

Nisalimie bibi, mwambie mlenda wa huku ni mtamu ila wake sijausahau. Nisalimie shangazi wa maandazi pale stendi, na jirani yetu fundi cherehani, ambaye gauni langu hajalimaliza tangu mwaka jana.

Maisha yangu yote sijawahi kuondoka wala kukawia bila kukuomba ruhusa. Safari hii nimeamua kwanza, ndipo nakuandikia, ruhusa nimeshaivuka. Nakuomba radhi zako, Mama. Bila hizo nitakuwa nachekecha vumbi tu.

Mwanao,
Salma