Kompyuta mpya za Ushindi

Anne, uko hapo? Wameuza kompyuta zote za kaka Ushindi. Zote!

Unazijua, zile kuukuu za kituo chetu cha kompyuta hapa kambini Nakivale. Alikataza mtu kuzigusa, maana kila moja ina brauza yake ya zamani, na ndizo anazojaribia tovuti anayomtengenezea yule bosi wa Mbarara. Zahanati za vijijini zitakazoitumia bado zina mashine kama hizo. Ikikwama kwao kesho anapoikabidhi, kazi anapewa mtu mwingine.

Leo wageni wafadhili wameleta laptop mpya. Kumbe Naboth, meneja wetu, alishazipakia zile za zamani kwenye lori la mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka mji wa Rwekubo. Ushindi anaingia, anakuta meza zinang'aa.

"Mashini zangu bamepeleka wapi?"

"Ile takataka? Imekwenda, bwana ssebo! Kuja sema asante kwa wageni," akajibu Naboth.

Takataka, Anne. Mbele ya watu wote. Takataka!

Mgeni mmoja akamwomba aonyeshe kazi yake. Tovuti ikafunguka safi kwenye laptop, kila kitu fasi yake. Lakini kwenye mashine mpya haijawahi kukataa! Ilikuwa inakwama kwenye zile kuukuu, na alikuwa amebakiza ukurasa mmoja tu kurekebisha.

Wakapiga makofi. Naboth akamshika bega: "Umeona? Shida ilikuwa ile kompyuta yako ya zamani."

Ushindi akainamisha kichwa, akasema asante. Akaisema mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mpiga picha wa wageni hakuwa tayari.