Chumba cha Uyoga cha Mama Mbombo

Kapata, Kolwezi

Yaya Kisimba wangu,

Kaa chini kwanza, maana leo nina mengi. Goti lako limepoa? Na mama, bado anakohoa asubuhi? Mimi ni mzima, ila nimekonda, hilo usimwambie. Barua hii anaileta Tata Saidi, yule muuza samaki wakavu. Mpe chakula, njia ni mbaya.

Uliniuliza kwa nini sirudi Moba na hali kazi imekufa huku. Ni kweli imekufa. Kiwanda kimesimama, sisi wasukuma vigari tuliambiwa tungoje nyumbani, na hakuna aliyekuja kutuita. Na watu waliotoka mkoa wa Kasai wanafukuzwa, wanaambiwa hapa si kwao. Sisi wa Moba, kaskazini ya mkoa huu, hatuguswi. Wao wanatolewa nyumbani na vitanda vyao, wanaitwa jina la wadudu ambalo sitaliandika, halafu wanapelekwa stesheni kungoja treni ya kuwarudisha Kasai, isiyojulikana siku yake. Wengine wamezikwa palepale wakingoja.

Jirani yangu Mama Mbombo ni wa Kasai. Mume wake alikuwa fundi wa umeme, wana watoto watatu. Njaa ilipoingia, huyu mama aligeuza ghala nyuma ya nyumba yake kuwa shamba la uyoga. Usicheke, yaya. Mimi pia nilicheka, mpaka nilipoingia.

Aliziba kila ufa kwa udongo na plastiki, kwa sababu ya inzi na vumbi la Kingamyambo, kule wanakomwaga mchanga uliokwisha kuoshwa shaba. Ndani alitundika mifuko arobaini ya mabua ya mahindi yaliyochemshwa, kila mmoja umepandwa mbegu aliyopewa na masista wa misheni. Ukuta una matundu mawili tu, moja chini, moja juu, yanazibwa kwa matambara. Kazi yote ni joto. Likizidi, mbegu inakufa. Likipungua, inalala. Kipimajoto alikuwa nacho, kikaibwa. Unajua alifanya nini? Alitundika katikati ya chumba chupa ya mafuta ya mawese. Mawese yakiganda yote, baridi imezidi, ziba matundu. Yakiwa mekundu mepesi kama chai, joto limezidi, fungua matundu na umwagie maji magunia ya ukutani. Yakiwa nusu mazito nusu mepesi, funga mlango uende zako. Nimefanya kazi miaka kumi na moja chini ya mainjinia, na sijaona akili kama hiyo.

Alinichukua nimsaidie, tugawane mavuno. Siku ya pili nikaharibu.

Ilikuwa asubuhi ya baridi, unajua baridi ya huku mwezi wa sita, sisi watu wa Moba inatuvunja mifupa. Yeye alikuwa sokoni. Nikaona mawese yameganda kama sabuni. Matundu nilikwisha kuziba, lakini nikaihurumia ile mifuko kama ndugu zangu. Nikaishusha karibu nusu, nikaipanga imeshikana kama watoto kwenye mkeka mmoja, nikawasha mbabula, lile jiko la makaa, nikaiweka katikati, nikafunga mlango nikiwa ndani. Mawese yakaanza kulegea. Nilifurahi sana. Halafu kichwa kikaanza kuniuma na miguu ikakataa.

Mama Mbombo aliporudi sokoni alinitoa kwa kunivuta kola ya shati. Nilipopata pumzi alikuwa amechuchumaa mbele ya ile mifuko, mkono ameuingiza katikati yake. Hakupiga kelele.

"Tata Kabamba," akasema, "hii joto haitoke ku moto yako. Iko inatoka mule ndani ya mifuko. Bienyewe biko bizima, biko binapumua kama sisi. Chupa inasema joto ya chumba. Joto ya mifuko inasema mukono."

Akanishika mkono akauingiza pale. Palichoma kama kwapa la mtoto mwenye malaria. Mifuko kumi na saba ilikufa, ikanuka siki.

Nikamwambia atafute mtu mwingine. Akajibu, "Mwenye hajakosa bado, ule mutu njo mi naogopa."

Siku tatu baadaye wale wanaofukuza watu wakaja kumtoa yeye na familia yake. Sitaeleza yote. Walibeba sufuria, godoro moja na watoto. Akiwa njiani alinigeukia akaniambia mifuko ishirini na tatu iliyobaki ndiyo chakula cha watoto kwenye treni, maana safari ni ya siku nyingi na njiani hakuna anayewauzia kitu. Niuvune uyoga wake, niukaushe, niufikishe stesheni kabla treni haijaondoka. Treni inaweza kuja kesho au mwezi ujao. Basi hilo ndilo likawa juu ya kichwa changu.

Baridi ilikuwa ya asubuhi tu. Saa sita jua lilipiga mabati na mawese yakawa chai. Mabomba yamekauka, nikachota kisimani. Kwenye foleni jirani mmoja akaniuliza kwa sauti, wote wasikie, "Kabamba, umekuwa boyi wa batu ba Kasai?" Watu wakacheka. Ningependa kukuandikia kwamba nilimjibu kiume. Nilisema maji ni ya kupikia pombe.

Kila alasiri nilikwenda stesheni kwa miguu kumpa habari. Alikuwa amekaa chini ya shuka lililotundikwa kama hema, katikati ya maelfu, mtoto wa mwisho anaharisha, na bado ananiuliza kama daktari: mawese yalikuwaje saa sita? Mkono ulisema nini katikati ya mifuko? Umande uko upande gani wa plastiki? Siku ya nne akaniambia nitandaze nyasi mbichi juu ya mabati na nisogeze mifuko, kiganja kimoja kati ya mmoja na mwingine. Joto likashuka. Hakuwa amekiona chumba kwa siku nne, yaya, akakitengeneza akiwa amekaa chini.

Siku ya tisa uyoga ukatoka, mweupe, umepandana kama masikio. Nikavuna, nikakausha juani siku mbili. Siku iliyofuata nikasikia treni.

Nilikimbia na gunia. Niliwakuta wamekwisha kupakiwa kwenye behewa la mizigo, wamesimama. Mume wake akalipokea gunia juu ya vichwa vya watu. Mama Mbombo akatoa kipande, akakivunja, akakinusa.

"Haukuungua," akasema.

Halafu akaanza kuwagawia watoto, na mwanamke asiyemjua aliyekuwa pembeni yake, kabla behewa halijatikisika. Sikupata kumwambia kwaheri, mdomo wake ulikuwa unahesabu watoto.

Ndiyo maana sirudi sasa. Nimejaza mifuko kumi na miwili mimi mwenyewe. Jirani wa kisimani alikuja jana kuuliza kama nyumba ya Mama Mbombo ina mtu. Nikamwambia ina mtu, ni mimi, na mlango haufunguliwi ovyo.

Nisalimie mama, na shemeji mshona viatu, na shangazi anayeimba kanisani, na mtoto wako wa kwanza aliyeanza shule. Aandike yeye jibu, nione mwandiko wake.

Ni mimi mdogo wako, mikono imechoka lakini ina kazi,

Kabamba