Hodi ya Tatu

Mpendwa Baba,

Sauti yako iliyonibakia si ile ya kuniita, wala ile ya kusoma Kurani alfajiri. Ni hodi yako. Hodi ya chini, yenye mkato mwishoni, kama mtu anayeweka kikombe juu ya kisahani asitake kumwamsha aliyelala. Hunijia nikichagua mchele, hunijia nikipita barabara ya Ndia Kuu katikati ya kelele za watu. Mimi hugeuka, nikaona si wewe.

Unaikumbuka siku tuliyokwenda pamoja afisi za baraza la mji? Mabati mapya yalikuwa yamezungushwa Kiwanja cha Kisima cha mtaani kwetu usiku mmoja, yanang'aa hata hayatazamiki kwa jua la saa nne. Pale ndipo turubai lilipofungwa ulipomwoa mama. Pale ndipo jeneza lake lilipotuliwa, watu wakamsalia. Sasa palikuwa na mlinzi asiyejua lolote ila maneno matatu: "Kiwanja kina mwenyewe." Mwenyewe ni nani, hakusema.

Nilikuwa nimekuja likizo kutoka chuo kikuu, na kinywa changu kimejaa niliyosoma. Nikakwambia mkazi wa mji anayelipa kodi ya baraza ana haki ya kuingia chumba cha kumbukumbu na kusema, nataka kuiona ramani ya mtaa wangu. Haombi hisani.

"Bila kujuana na mtu?" uliniuliza.

"Bila kujuana na mtu, Baba."

Ulilipenda neno hilo. Ulilirudiarudia njia nzima, nawe umevaa kanzu iliyopigwa pasi, kofia ya Idi kichwani, kama tunakwenda kuposa.

Mlango wa chumba kile ulikuwa wazi kidogo. Niliona rafu za mafaili na ncha ya meza. Ukasimama kando, usije ukachungulia ndani, ukasema, "Hodi." Kimya. Ukangoja kiasi cha mwanamke, kama yumo ndani, kujitanda leso yake. "Hodi." Ukangoja tena. Hodi ya tatu ilipokosa jibu, ukageuka.

"Baba, tuingie!"

"Hatukukaribishwa."

"Ile si nyumba ya mtu, ni afisi!"

"Ndani mna mtu?"

"Huenda yumo."

"Basi ni nyumba ya mtu. Hodi ni tatu, mwanangu, kisha mtu hurudi alikotoka. Twende zetu, tutakuja siku nyingine."

Kwenye ngazi nilinuna, ukanitania. "Mabuku yote hayo uliyosoma, hawakukufundisha kubisha mlango?"

"Wamenifundisha kuingia."

"Alaa! Basi watarudisha pesa zangu," ukasema, na tukacheka mpaka askari wa langoni akatutazama.

Nilirudi chuoni. Wewe ukaendelea kwenda peke yako. Katika barua zako, baada ya salamu za jamaa mmoja mmoja, mwisho kabisa: "Leo pia nilipiga hodi kule, hawakuitika. Inshallah juma lijalo." Nilizisoma nimekaa kitandani bwenini, uso nimeuelekeza ukutani ili wenzangu wasiniulize. Nilimchora moyoni huyo aliyekuwa ndani. Nilimpa mashavu mapana na pete ya dhahabu. Nilimwona akikusikia na kutabasamu. Nilimchukia mtu nisiyemjua kwa chuki ambayo sikujua ninayo, na siku nyingine, nisamehe, nilikukasirikia wewe na adabu yako.

Kisha moyo wako ukasimama katikati ya barua mbili. Nilipofika Mombasa ulikuwa umeshazikwa. Shangazi Mwanaisha alinisimulia vile jeneza lako lilivyopitishwa ubavuni mwa mabati, wanaume wakitembea upande upande, migongo ikikwaruzwa, kwa kuwa uwazi uliobaki haukutosha watu wawili. Wewe uliyempisha kila mtu njiani, siku yako ulikosa njia.

Matanga yalipoanuliwa nilikwenda mwenyewe kwenye chumba kile cha kumbukumbu. Nilikuwa nimepanga maneno makali, nimeyasema mbele ya kioo. Lakini nilipofika mlangoni ulimi wangu ukanisaliti. "Hodi," nikasema. Na ilikuwa sauti yako, Baba, hata mkato wake. Kimya. Nikasema ya pili. Nikasema ya tatu. Mguu wangu ukaanza kugeuka wenyewe. Niliushika ukuta, nikausukuma mlango.

Nyuma ya rafu alitoka mwanamume mwembamba mwenye tai, kijana wa bara, faili kwapani. Hakuwa na pete wala mashavu.

"Madam, ulikuwa unaita nani?"

"Nilipiga hodi."

"Aah, kumbe ni wewe! Mimi nilidhani ni yule mzee wa mahamri."

"Mzee gani?"

"Kuna mzee alikuwa anakuja hapo mlangoni, kanzu safi sana. Anasema hodi, hodi, polepole. Mimi niko huko nyuma, najiambia, leo mahamri sitaki. Nikitoka, hayuko. Siku moja nilikuwa na njaa kweli, nikamfuata mpaka kwa ngazi. Sikumpata." Akacheka. Kisha akaniona uso. "Ni mtu wako?"

"Ni baba yangu. Hakuwa akiuza mahamri. Alitaka kuona ramani."

Aliliweka lile faili mezani taratibu. "Lakini si angeingia tu? Hapa kila mtu huingia tu."

"Alikuwa akingoja umwambie karibu."

Alivuta kiti akanipa, yeye akabaki amesimama. "Pole, dada. Karibu," akasema, na nikalia mbele ya mtu niliyekuja kumfokea. Sikuwa na wa kumchukia tena, na sikujua huzuni ikikosa adui huwekwa wapi.

Akaniambia nilete risiti ya kodi ya baraza ya nyumba yetu, ajue sisi ni wakazi, naye atanitolea ramani.

Risiti zilikuwa ndani ya mkebe wa biskuti, katika chumba chako cha mbele, ulimokuwa ukitengeneza redio za watu. Tangu uondoke hakuna aliyekifungua. Nilisimama mlangoni, nikapiga hodi. Unacheka? Nilipiga zote tatu, nikarudi jikoni. Kesho yake hivyo hivyo. Shangazi akatoka na mwiko mkononi.

"Wamwita nani wewe kila siku?"

"Baba."

Aliushusha mwiko. "Babako haitiki tena, mwanangu. Nami ukinirudia jikoni na uso huo, ugali utaungua. Ingia."

Niliingia. Bado mnanuka risasi ya kuchomea nyaya na mafuta ya karafuu uliyokuwa ukijipaka magotini. Redio za majirani zimepangwa na majina yao kwenye vikaratasi, kwa mwandiko wako. Nilikaa kwenye kigoda chako mpaka adhuhuri, kisha nikachukua mkebe.

Karani aliitandaza ramani, akaibana ncha moja kwa kikombe chake cha chai. Nyumba zote zilikuwa na namba, yetu pia. Kisima kilikuwa kiduara kidogo, na pembeni yake pote karatasi nyeupe tu.

"Hii haina namba," akasema. "Ni ya watu wote."

Jambo ulilolitaka lilikuwa hilo tu, Baba, na lilikaa hatua chache kutoka pale uliposimama. Ningetoa chochote uwe wewe uliyeinama juu ya meza ile.

Mabati bado yapo. Wazee wa mtaa wamemtuma wakili aende mahakamani na nakala ya ramani yenye mhuri, na hatujui itakuwaje. Nakala ya pili nimeigongomea ukutani mwa chumba chako, juu ya meza ya kazi, na mlango wa njiani nimeufungua. Atakaye kuiona ramani ya mtaa wake, aingie. Wanakuja tangu juzi, akina mama wakirudi sokoni, wanaume wakitoka kuswali, wengine wakitafuta redio zao. Nimewaambia waingie tu, hawasikii. Kila mmoja husimama pale nje na kubisha.

Nami nimekaa kwenye kigoda chako, na sijamwacha hata mmoja afike hodi ya pili.

Anayekuitikia sasa,
Binti yako